Kufundisha Udhibiti wa Volteji: Ndoo ya Maji na Redio ya Valvu

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja karibu na Mwandoya, Wilaya ya Meatu, mwanachuo mmoja alileta redio kuukuu ya valvu iwe zana ya somo la umeme. Alikuwa ameiwasha kwa muda mfupi katika ofisi ya walimu, kisha akaichomoa, akafungua kifuniko cha nyuma na kuiweka mezani ili wanafunzi waje kuigusa. Kabla hajawaita, tuliipima kwa voltimita. Mshale ulisimama kwenye volti 210.

Kosa halikuwa lake peke yake. Sisi wakufunzi tulimfundisha kuzima, hatukumfundisha kupima. Makala haya yanakusudia kusahihisha upungufu huo, na kuonyesha namna ya kufundisha jambo hilo pasipo kumhatarisha mtoto.

Maelezo kwa mwalimu

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, redio zilikuwa za valvu. Redio za transista zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954. Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Elektroni hutoka katika katodi iliyopashwa moto na kuvutwa na anodi. Ili zivutwe vya kutosha, anodi hupewa volteji kubwa, mara nyingi kati ya volti 90 na 300.

Tuchukue mfano. Transfoma hutoa volti 180 za mkondo geu. Diodi huuelekeza mkondo upande mmoja, na kapasita hujaa hadi kilele, yaani 180 × 1.41, karibu volti 250. Lakini umeme wa njia kuu ukipanda au kushuka, volti hizo nazo hupanda na kushuka. Hapo ndipo kidhibiti kinapohitajika.

Tyubu ya gesi aina ya OA2 hushikilia karibu volti 150, ikipitisha miliamperi 5 hadi 30. Huunganishwa sambamba na saketi inayolishwa, na rezista huwekwa kati yake na chanzo. Ikiwa saketi hutumia miliamperi 10 nasi tunataka tyubu ipitishe 15, jumla ni miliamperi 25. Rezista ibebe tofauti ya volti 100:

100 ÷ 0.025 = omu 4000.

Joto lake ni 100 × 0.025 = wati 2.5, basi tutumie rezista ya wati 5.

Tujaribu hesabu yetu. Chanzo kikifika volti 270, rezista hupitisha miliamperi 30, na tyubu hubeba 20. Kikishuka hadi 230, rezista hupitisha 20, na tyubu hubeba 10. Katika hali zote mbili saketi hupata miliamperi zake 10. Saketi ikiondolewa chanzo kikiwa volti 270, tyubu hubeba zote 30: imefika mpaka wake, wala haipasi kuuvuka.

Hatari iliyobaki ni kapasita. Ile ya mikrofaradi 32 yenye volti 250 huhifadhi juli 1 ya nishati hata baada ya waya kuchomolewa. Katika redio ya mwanachuo wetu, valvu ya sauti ilikuwa imeungua, hivyo hapakuwa na kitu cha kuimaliza chaji. Rezista ya omu 100,000 ikiunganishwa sambamba na kapasita huipunguza chaji hiyo hadi chini ya volti 2 kwa sekunde 16. Hata hivyo rezista huweza kukatika. Kwa hiyo hupimwa kila mara.

Zana za darasani

Ndoo mbili, mpira mwembamba, rula na maji. Ndoo ya chini itobolewe tundu pana sentimita 15 kutoka kitakoni, na tundu dogo chini kabisa.

Hatua za somo

1. Wanafunzi wainue ndoo ya juu, maji yapite mpirani hadi yafurike kwenye tundu pana. Wapime kimo cha maji katika ndoo ya chini.

2. Wainue ndoo ya juu zaidi. Maji ya kufurika huongezeka, kimo hubadilika kidogo sana.

3. Wazibe tundu dogo. Maji yote hupitia tundu pana.

4. Wateremshe ndoo ya juu hadi kufurika kukome. Sasa kimo hushuka: udhibiti umekwisha.

Mwalimu awaulize: mpira ni kitu gani katika saketi? Tundu pana je? Wakijibu kwamba mpira ni rezista, tundu pana ni tyubu na tundu dogo ni saketi inayolishwa, somo limeeleweka. Mahali penye shida ya maji, yakingwe katika beseni na kumwagiliwa bustani ya shule.

Tathmini

Mwanafunzi aeleze kwa maneno yake kwa nini kidhibiti kisichofurika hakidhibiti. Mwanachuo naye arudie hesabu yetu kwa chanzo cha volti 240, kisha aseme tyubu inabeba miliamperi ngapi. Jibu ni 12.5.

Hitimisho

Redio ya valvu ionyeshwe ikiwa imefungwa na haina umeme, au valvu moja iliyong'olewa ipitishwe mikononi mwa watoto. Saketi ya volti 250 si zana ya shule ya msingi. Mwalimu aijue vizuri ili aweze kuchagua cha kuleta darasani na cha kuacha. Mwanachuo wetu alifundisha somo lake siku iliyofuata kwa ndoo mbili, na kila mtoto aligusa alichotaka.