"Wao Ndio Walianza": Lawama ya Waelvi na Binadamu Katika Skyrim



Mnaocheza Skyrim, gemu iliyotoka 2011, hadithi mnaijua. Waelvi wa Theluji (msije mkasoma "maelfu") waliishi kaskazini. Binadamu wakavuka bahari kutoka Atmora, wakajenga mji wa Saarthal. Usiku mmoja Waelvi wakauvamia, wakaua karibu kila mtu. Ysgramor akatoroka na wanawe wawili, kisha akarudi na jeshi la Wenza Mia Tano na kuwachinja Waelvi nusura waishe. Mabaki wakakimbilia chini ya ardhi kwa Wadwemer, ambao nao, kumbuka, ni Waelvi. Hao ndio wakawapofusha na kuwafanya watumwa. Wale Falmer vipofu unaowakata mapanga pangoni ni vizazi vyao.

Sasa muulize Mnord yeyote nani wa kulaumiwa. Atakwambia: wao ndio walianza. Na ni kweli, walianza. Lakini kwani hiyo inamaliza kesi?

Kuhusu Saarthal, masimulizi ndani ya gemu yanapishana: wengine wanasema Waelvi waliogopa jinsi binadamu walivyoongezeka, wengine kwamba walitamani kitu chenye nguvu kilichofukiwa chini ya mji. Tuchukue hofu. Katekisimu namba 1735 inafundisha kwamba hofu inaweza kupunguza hatia ya mtendaji. Inapunguza hatia yake. Tendo lenyewe halibadiliki. Kuua watu wasio na silaha ni uovu hata kama muuaji anatetemeka.

Ysgramor naye ana haki ya kujilinda, sawa. Ila Mtakatifu Tomaso wa Akwino anadai kujilinda kusizidi kiasi kinachohitajika. Kuangamiza taifa zima, pamoja na wasiokanyaga Saarthal, hakuwezi kuitwa kujilinda. Mimi nakuita kisasi, hata kama Wanord wanakuimba.

Hapo ni rahisi. Kazi iko kwa wajukuu. Nabii Ezekieli, sura ya 18, anakataa kabisa mwana kubeba uovu wa baba yake. Mtu atauliza: na dhambi ya asili je? Katekisimu namba 404 inajibu kwamba ile ni hali tunayoirithi, si tendo tulilotenda. Basi mbona tarehe 12 Machi 2000 Mtakatifu Yohane Paulo II aliomba msamaha kwa makosa ya wana wa Kanisa wa karne zilizopita? Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilikuwa imelishughulikia swali hilo: hatia ya nafsi hukoma mtendaji akifa, ila uzito wa kumbukumbu na majeraha hubaki kwa walio hai. Kwa hiyo hatuungami dhambi za marehemu. Tunaacha kuzitetea, na tunatazama nani bado anaumia.

Nenda Windhelm, mji wa Ysgramor mwenyewe. Waelvi Weusi waliokimbia mlipuko wa Mlima Mwekundu wamebanwa katika Mtaa wa Kijivu, wanatukanwa barabarani. Hawakuhusika na Saarthal hata kidogo. Mnord anayewatukana usiku ana la kuungama, na halimhusu Ysgramor. Ni la jana yake.