SOMO LA WIKI: Kinyesi cha kuku katika chakula cha vifaranga

Kila mahindi na mashudu yanapopanda bei, hujitokeza wauzaji wa kinyesi cha kuku kilichokaushwa na kusagwa, wakikinadi kuwa ni malighafi rahisi ya chakula cha vifaranga. Karatasi ya maabara huonyesha protini asilimia 28, na mnunuzi hushawishika. Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha piga hesabu.

Kipimo cha kawaida cha maabara hakigusi protini yenyewe. Hupimwa naitrojeni, kisha huzidishwa kwa 6.25. Katika kinyesi cha kuku sehemu kubwa ya naitrojeni ni asidi ya uriki, ule weupe unaouona juu yake, ambao kuku ameutoa mwilini kwa kuwa haumfai. Kifaranga naye haumfai. Protini halisi huwa asilimia 11 hivi.

Tuchukue bei za mfano. Mashudu ya soya yenye protini asilimia 44 yakiuzwa Sh. 900 kwa kilo, kilo ya protini inakugharimu Sh. 2,045. Kinyesi kikiuzwa Sh. 300, kwa hesabu ya karatasi kilo ya protini ni Sh. 1,071, karibu nusu ya bei. Kwa protini halisi ni Sh. 2,727! Na bado hatujataja nishati: kilo ya mahindi humpa kuku kilokalori 3,300 hivi, ilhali kinyesi mara nyingi hakifikii theluthi yake. Kifaranga hula sana, hunywa sana, maranda yanalowa, na uzito hauji.

Kuna chokaa pia. Kinyesi cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu asilimia 8 hivi. Ukichanganya kilo 20 katika kila kilo 100 za chakula, hiyo peke yake ni asilimia 1.6, na kifaranga anahitaji 1 tu. Ziada hudhuru figo. Kwa kilo 5 madhara huwa madogo, lakini akiba nayo ni ndogo.

Salmonela na mabaki ya dawa ni hatari nyingine. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kinyesi katika chakula cha mifugo.

Ng'ombe anaweza kuitumia asidi hiyo, kwa msaada wa vijidudu vya tumboni mwake. Kwa vifaranga, muuzaji akikuletea karatasi, mwulize kiasi cha protini halisi, kalsiamu na majivu. Asipokuwa nacho, mzigo huo ununue kwa bei ya mbolea.