Kuandika Majini: Somo Kutoka kwa Wapiga Mbizi



Masika moja tulikuwa tunatoka kwenye darasa la kisomo huko Machochwe, tunasukuma baiskeli. Kijito kilikuwa kimejaa. Tuliteleza, na mfuko wenye daftari la mahudhurio ukaingia majini. Tuliuokoa, tukalianika daftari juani.

Lilipokauka tuliona jambo la kutushangaza. Kurasa zilizoandikwa kwa kalamu ya wino wa maji zilikuwa madoa ya buluu matupu. Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja tulioandika kwa penseli, siku ambayo wino ulituishia. Ukurasa huo ulisomeka wote, jina kwa jina.

Tulipowaeleza wanakisomo, mama mmoja alisema: "Mwalimu, miezi minane nimekuja hapa kila juma. Sasa karatasi inasema sikuja."

Maneno hayo yalituuma, kwa sababu alisema kweli. Kosa lilikuwa letu. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza: ni kifaa gani cha kuandikia kisichoogopa maji? Jibu tulilipata kwa watu wanaoandika wakiwa ndani ya maji kabisa.

WATU WANAOANDIKA CHINI YA BAHARI

Katika pwani ya nchi yetu kuna miamba ya matumbawe. Matumbawe hujengwa na viumbe wadogo wa baharini. Samaki wengi hupata humo chakula na maficho. Matumbawe yakifa, samaki hupungua na mvuvi hulala njaa.

Ili kujua hali ya matumbawe, lazima mtu ashuke akayaone. Wapiga mbizi hubeba mgongoni mtungi wa hewa iliyoshindiliwa. Hewa hiyo huivuta kwa mdomo, kupitia kifaa maalumu. Kifaa cha namna hiyo kilitengenezwa na Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, mwaka 1943.

Sasa fikirini. Mpiga mbizi ana kifaa mdomoni, kwa hiyo hawezi kusema. Anahesabu samaki, anapima matumbawe, anatazama saa na kina cha maji. Hawezi kuyaweka yote hayo kichwani mpaka atoke. Lazima aandike hapo hapo.

Kazi hiyo hufanyika katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Hufanyika pia katika kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar. Mwamba wa Chumbe ulianza kulindwa kisheria mwaka 1994. Baadhi ya walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Walifundishwa kutunza mwamba na kuandika wanayoyaona. Ni watu kama sisi, siyo wageni kutoka mbali.

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida. Matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki yakawa meupe, na mengi yakafa. Hasara hiyo ilipimwaje? Watu walilinganisha maandishi ya kabla na maandishi ya baada. Pasipo maandishi ya kwanza, ingebaki hadithi tu: huyu anasema yalikuwa mengi, yule anabisha.

WANATUMIA KALAMU GANI?

Jibu ni rahisi: penseli. Huandika kwa penseli juu ya kibao cha plastiki nyeupe kilichokwaruzwa kidogo. Wengine hutumia karatasi maalumu ambayo hailoani. Penseli hufungwa kwa kamba kwenye kibao, maana penseli ya mti ikiponyoka huelea na kwenda zake.

Kwa nini penseli? Watu wengi huiita kalamu ya risasi, lakini ndani yake hamna risasi. Mna madini meusi na laini yaitwayo kinywe, yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa. Njia hiyo ya kuchanganya ilibuniwa na Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795. Kinywe kinapatikana hata hapa Tanzania, kwa mfano Mahenge katika mkoa wa Morogoro.

Unapoandika kwa penseli, kinywe husagika na kushika mahali palipokwaruzwa. Hakiyeyuki majini. Wala hakihitaji kukauka, kwa kuwa hakikuwa na umajimaji tangu mwanzo.

Wino wa maji ni kinyume chake. Umetengenezwa kwa maji, na maji huurudisha kuwa maji. Peni ya kawaida yenye kidude cha duara kwenye ncha ina wino mzito wa mafuta. Maandishi yake yakishakauka huvumilia kiasi. Lakini jaribu kuandika nayo juu ya karatasi iliyolowa: hukwama, na karatasi huchanika.

HEBU TUJARIBU

Chukueni kipande kimoja cha karatasi. Andikeni jina la kijiji kwa penseli, kwa peni, na kwa kalamu ya wino wa maji. Kiacheni kikauke. Kisha kitumbukizeni katika bakuli la maji kwa nusu saa. Kitoeni na msome. Mtajionea wenyewe.

INATUHUSU NINI SISI WA MACHOCHWE?

Hatusemi mkapige mbizi katika Mto Mara. Mamba hawamsubiri mtu amalize kuandika!

Lakini sisi tuko jirani na Hifadhi ya Serengeti. Tembo wakiingia shambani usiku, asubuhi mkulima anatakiwa kutoa taarifa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali. Ofisi itauliza: tarehe gani? Zao gani? Eneo kiasi gani? Mtu aliyepima hatua zake asubuhi ile, akaandika hapo hapo kwenye mvua, ana la kuonyesha. Asiyeandika atabaki anakisia.

Vivyo hivyo kwa mfugaji anayehesabu ng'ombe wakati wa kuogesha. Vivyo hivyo kwa mvuvi wa Musoma anayepima dagaa mtumbwini.

TENGENEZENI KIBAO CHENU

1. Tafuteni ndoo au dumu la plastiki nyeupe lililopasuka.
2. Kateni kipande bapa, ukubwa wa daftari dogo. Laini kingo zisikate mkono.
3. Kisugueni kwa msasa mpaka king'aro kiishe.
4. Toboeni tundu, mfunge penseli kwa uzi imara.
5. Andikeni. Mkitaka kufuta, sugueni kwa kifutio au mchanga laini wenye maji.

Mkishamaliza kazi, ifuteni penseli maji na kuianika. Mti wake ukikaa na maji huvimba na kufunguka.

TAHADHARI

Penseli haiogopi maji, lakini inaogopa kifutio. Mtu asiye mwaminifu anaweza kufuta 3 akaandika 8. Kwa hiyo mkataba wa shamba, stakabadhi ya fedha na muhtasari wa mkutano viandikwe kwa peni. Kibao ni cha shambani na mvuani tu. Ukifika nyumbani, siku hiyo hiyo, nakili yote katika daftari na uandike tarehe.

Na yule mama je? Tulikaa na wanakisomo wote, tukakumbushana, tukaandika daftari upya. Walishuhudia wenzake kwamba alikuja. Jina lake likarudi. Lakini siku zote hatuwezi kutegemea kumbukumbu za wenzetu. Kumbukumbu nazo hulowa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mpiga mbizi hawezi kungoja mpaka atoke majini ndipo aandike?
2. Kwa nini kinywe hakifutiki kwa maji?
3. Tajeni maandishi mawili yasiyofaa kuandikwa kwa penseli. Kwa nini hayafai?
4. Katika kijiji chenu, ni habari gani zilizopotea kwa kuwa hazikuandikwa mapema?

MANENO MAPYA

Kinywe: madini meusi na laini yaliyomo ndani ya penseli.
Matumbawe: viumbe wadogo wa baharini wanaojenga miamba.
Mpiga mbizi: mtu anayeingia chini ya maji kufanya kazi.
Nakili: andika tena maandishi kama yalivyo.