Kwaya Haitafuti Malaika

Dada wa Tabata, nimekusoma. Una miaka 52, watoto wameshatoka nyumbani, na kila ukitoka kazini unapita nje ya ukumbi ambako kwaya inafanya mazoezi, unasimama kidogo kusikiliza, kisha unaondoka kabla mtu hajatoka akakuuliza shida yako. Unataka kujua kama kwa umri huo hutachekwa. Mimi na wewe tunakaribiana umri, lakini kwenye kona hii wote ni wadogo zangu, kwa hiyo nivumilie.

Hukuandika peke yako. Yupo kijana wa Morogoro anayepiga gitaa chumbani, mlango umefungwa. Yupo msomaji asiyeona anayeuliza kama kuna kikundi kitakachompokea mtu asiyesoma nota. Na yupo baba wa Kinondoni ambaye mkewe amemwambia sauti yake inafukuza kuku. Nawajibu kwa pamoja, maana wote mmeshikwa na hofu ile ile: mnadhani lazima mtu ajue kwanza ndipo ajiunge.

Mmegeuza mambo. Watu hujiunga, ndipo wakajua. Mchukulieni mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, miaka ya 1880 hivi, katika familia ya wafinyanzi, na alikuwa akitembeza vyungu. Alipohamia mjini mwaka 1911 alikuwa mtu mzima tayari. Huko mjini ndiko alikokutana na wanamuziki waliomfundisha kuimba na kwenda na vyombo, na mwaka 1928 alikuwa Bombay na wenzake wakirekodi santuri. Watu humtaja kama nyota iliyojiwakia yenyewe, na mimi hilo hunikera. Bila wale wapigaji waliokaa naye usiku baada ya usiku, sauti ile ingeishia kwenye vyungu. Na mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa bado akipanda jukwaani akiwa ajuza ambaye hata mwaka wake wa kuzaliwa haukujulikana kwa uhakika. Hoja ya umri, basi, tuiweke pembeni.

Tuje kwenye kwaya, maana ndiyo iliyo karibu na wengi wenu. Kwaya zetu nyingi zina sauti nne: ya kwanza na ya pili za kina mama, ya tatu na ya nne za kina baba. Siku ya kwanza mwalimu atakupima sauti, na hapo ndipo wengi hutamani ardhi ipasuke. Atakuimbisha do re mi kupanda mpaka shingo ianze kukaza, kisha kushuka mpaka sauti iwe pumzi tupu, naye atajua akuweke wapi. Hakupi maksi. Baba wa Kinondoni, sikiliza hapa: wengi wanaoambiwa hawana sauti wamekuwa wakijilazimisha kuimba juu mno, wakifuata sauti ya kwanza kwa sababu ndiyo inayosikika redioni. Waweke sauti ya nne, yaani besi, uone kama kuku watakimbia.

Ukishapangiwa, omba ukae katikati ya watu wawili wanaoujua wimbo. Usikubali kuwekwa pembeni mwisho wa mstari, huko utasikia upande mmoja tu. Mwalimu atafundisha kila sauti peke yake. Besi watarudia kipande chao mpaka kiwakae, kina mama wa sauti ya pili wakipiga soga chini kwa chini, watakemewa, watacheka, kisha zamu itahamia kwao. Wiki za mwanzo kazi yako ni kuimba chini ya sauti ya jirani zako. Ukipotea, nyamaza, sikiliza, ingia tena pale unapopajua. Wanaokuzunguka nao hupotea vilevile, ila wamezoea kupotea bila kuonekana.

Simu yako pia itakufaa. Omba ruhusa, kisha rekodi kipande cha sauti yako tu. Ukirekodi wimbo mzima utajikuta unaimba sauti ya kwanza hata kama wewe ni wa pili. Walimu wengi siku hizi hutuma kila sauti kwenye kundi la WhatsApp, hivyo huna kisingizio: sikiliza ukiosha vyombo, sikiliza kwenye daladala. Halafu fika mazoezini. Kwa mwalimu, sauti ya kawaida inayofika kila siku ya mazoezi ina faida kuliko sauti tamu inayojitokeza Jumapili asubuhi na kuuliza, "Tunaimba nini leo?"

Mlioko Unguja mna bahati yenu. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, kile cha Culture Musical Club tangu 1958, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianzishwa mwaka 2002 ili ujuzi huo usife na wazee. Kwa dada zangu mnaodhani vyombo ni vya wanaume: wapo Tausi, kundi la taarabu la wanawake watupu, wanaoimba na kupiga vyombo wenyewe. Tena taarabu asilia ina nafasi nzuri kwa anayeanza, ingawa ukiitazama jukwaani huwezi kuamini. Fidla zote hufuata njia moja ya wimbo. Ukikaa nyuma ya fundi unaweza kupiga zile sauti unazozimudu na kuziruka zile za kasi, na wimbo hautaanguka. Kuitikia ni kwepesi zaidi: kibwagizo kinarudi na kurudi, hadi wimbo unapoisha umeshakishika. Ala ya kanuni tu ndiyo nisiyowashauri muianze kwa papara. Ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji hufika mapema na ufunguo wake kuzikaza moja moja wakati wenzake bado wanasalimiana.

Matarumbeta, kama yale ya sharika za KKKT na Moravian, yanataka uvumilivu wa namna nyingine, kwa kuwa ni midomo inayochoka kabla ya mapafu. Anayeanza apige kidogo kila siku nyumbani, apumzike, apige tena. Akikaza Jumamosi moja kwa saa tatu atatoka na midomo iliyovimba na hasira juu. Majirani, samahani.

Kijana wa Morogoro, wewe unajua kupiga, usichojua ni kupiga na watu. Chumbani ukikosea unasimama na kurudia. Kikundini hakuna anayekusubiri, na mwanzoni utaona kama umeibiwa mikono. Piga kodi za msingi tu, acha mapambo, mtazame mpiga ngoma kuliko unavyotazama vidole vyako. Mapambo utayarudisha baadaye, tena utakuta nusu yake hayahitajiki.

Si kila kikundi ni cha kila mtu, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Kabla hujajaza fomu, nenda mara moja au mbili ukae nyuma. Usisikilize wimbo, tazama kinachotokea mtu akikosea. Mwalimu akisimamisha, akarudia kipande, akatania kidogo na kuendelea, hapo patakufaa. Akimtaja mtu jina na kumdhalilisha mbele ya wenzake, na wengine wakacheka kwa kuogopa, toka taratibu. Wapo walimu wanaoamini ukali ndio ujuzi. Mtoto anayelelewa kimuziki namna hiyo huacha akifika kidato cha pili, na mtu mzima huacha wiki hiyo hiyo.

Wako pia walimu wengine. Mwalimu anayekwambia uje peke yako kwake usiku "kurekebisha sauti", huyo hafundishi muziki. Mazoezi ya ziada hufanyika ukumbini, mchana, na wenzako wapo. Wazazi, swali hili waulizeni viongozi waziwazi kabla ya kumwandikisha mtoto. Kiongozi mwenye nia njema hatachukia kuulizwa.

Kisha pesa. Mtafute katibu au mhazini, umuulize mambo manne bila aibu: kiingilio ni kiasi gani, mchango wa mwezi ni kiasi gani, sare inabadilishwa mara ngapi kwa mwaka, na faini ya kuchelewa ipo au haipo. Sare ndiyo inayowakimbiza watu kuliko kitu chochote. Kitenge kipya kila Pasaka na kila Krismasi, pamoja na ufundi, kinamwondoa mama ntilie kwenye kwaya hata kama anaimba vizuri kuliko wote, naye hatasema sababu. Atasema yuko bize. Kama wewe ni kiongozi na umeniona ninakukanyaga, ndiyo, nakukanyaga. Ila mchango wa rambirambi msiulalamikie. Siku utakayofiwa utawaona wenzako wamejaa kwenye viti vya mbele na kwenye jiko la nyuma, wanaimba na wanamenya viazi.

Nyumbani semeni mapema. Mwenzako akijua siku, saa na mahali, na ikiwezekana akaja siku moja kusikiliza, manung'uniko mengi huisha. Kama kwaya za kanisani si zenu, vipo vikundi vya kasida, vipo vya ngoma, vipo vya mitaani visivyo vya dini yoyote. Msiniulize kipi ni halali na kipi si halali, hilo nendeni nalo kwa sheikh au mchungaji wenu.

Ndugu yangu usiyeona, wewe hofu yako ndiyo iliyonishangaza kuliko zote, kwa sababu kwaya nyingi za hapa kwetu hufundishwa kwa kusikia. Mwalimu anaimba, watu wanaitikia mpaka ishike. Karatasi ya solfa ikigawiwa, nusu ya wanaoipokea wanaishika tu kwa heshima. Unachohitaji ni mtu mmoja wa kukugusa bega pale mwalimu anapotoa ishara ya kuanza na kukata, na mtu wa kufuatana naye njiani. Waambie mapema, wasije wakabuni huruma wasiyoombwa. Kwa mwenye kiti cha magurudumu swali ni la ngazi: ukumbi uko ghorofa ya ngapi, na jukwaa linapandwaje? Kama jibu ni kubebwa mzobemzobe kila Jumapili, waombeni washuke wao waimbie chini. Nimeona kwaya ikiimba chini ya jukwaa na hakuna aliyepungukiwa.

Na wale mnaosema mtaani kwenu hakuna kikundi chochote, wala vyombo? Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu na rubani aliyepoteza kazi, alianzisha okestra ya waumini wa kanisa lililotokana na babu yake huyo. Walianza na fidla chache kwa watu wengi, wakawa wanapokezana. Uzi ukikatika, walitafuta waya wa breki za baiskeli. Wengi walikuwa na shughuli zao za mchana na walijifunzia pale pale. Kundi hilo hilo likaja kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven pamoja na kwaya yake, na filamu ikatengenezwa juu yao mwaka 2010. Siwaambii mkaanzishe okestra. Nawaambia watu sita wenye ngoma moja, kayamba na siku maalumu ya wiki wameshakuwa kikundi. Siku maalumu ndiyo ngumu kuipata, ngoma mtaazima.

Jipeni miezi mitatu kabla ya kuamua. Mwezi wa kwanza utajiona mzigo, wa pili utaanza kuudhiwa na wanaochelewa, na hapo ujue umeshakuwa mwenyeji.

Na ninyi makatibu na walimu wa vikundi mnaonisoma, nawaombeni kitu kimoja. Andikeni siku na saa za mazoezi kwenye karatasi, muongeze kwamba wanaoanza wanapokelewa, muweke na namba ya simu ya mtu atakayepokea, kisha mbandike mlangoni kwa nje. Wengi wanaopita hapo wanataka kuingia, hawajui tu wamuulize nani.