Tunaimba Nini Kwenye Harusi?

Somo: Ezekieli 33:30–33, Mwanzo 29:15–30



Vijana wetu wameniuliza swali zuri. Je, Mkristo aliyeokoka anaweza kuimba "Malaika" kwenye harusi? Kumwita binadamu malaika si kumkosea Mungu?

Kabla ya kujibu ndiyo au hapana, hebu tuuelewe wimbo wenyewe. Nilisomea biashara, na huko unafundishwa kwamba mkataba hauwekwi sahihi kabla ya kusomwa. Unauliza: nani anaongea? Anaongea na nani? Anataka nini, na kinachomzuia ni nini? Wimbo nao usome hivyo hivyo.

"Malaika" tunaujua sana kupitia Fadhili William, Mkenya aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Adam Salim naye alisema ndiye aliyeutunga, mwaka 1945. Mabishano hayo yamedumu miaka mingi. Miriam Makeba akaupeleka mbali, na Boney M wakaurekodi mwaka 1981. Dunia nzima inaujua, hata wasiojua Kiswahili.

Sasa tuulize maswali yetu. Anayeongea ni kijana. Anaongea na msichana anayempenda. "Malaika" hapo ni jina la mapenzi tu, kama vile mama anavyomwita mtoto wake mchanga malaika. Hakuna anayeabudiwa. Kwa hiyo hofu ya vijana wetu kuhusu neno hilo naiondoa.

Lakini swali la tatu ndilo zito. Kijana huyu anataka nini? Anataka kuoa. Kinachomzuia? Hana mali. Nia anayo, mapenzi anayo, mfuko ni mtupu, na jambo hilo linamtesa moyoni. Kumbe huu wimbo tunaouimba keki ikikatwa ni kilio cha mtu ambaye harusi imemshinda! Tunacheza, tunatabasamu, tunapiga picha, na kwenye viti vya nyuma ameketi kijana ambaye wimbo huo unamsema yeye.

Ezekieli aliambiwa na Mungu kwamba watu wanakuja kumsikiliza kama wanavyomsikiliza mwimbaji wa nyimbo za mapenzi mwenye sauti tamu. Wanayasikia maneno, hawayatendi. Ona hapo: sauti tamu inaweza kutufanya tusisikie maneno. Ikiwa tunaweza kuimba huzuni ya mtu miaka mingi tukidhani ni furaha, je, tenzi tunazoimba kila Jumapili? Tukimwimbia Bwana kwamba tunampa vyote, tumesoma mkataba huo?

Sasa turudi kwa yule kijana asiye na mali, maana Biblia inamjua. Yakobo alifika kwa Labani bila kitu mkononi. Alimpenda Raheli, na mahari hakuwa nayo. Alitoa alichokuwa nacho, nguvu zake, miaka 7, na Neno linasema miaka hiyo ilikuwa kama siku chache kwake kwa sababu ya upendo. Vijana, jifunzeni hapo. Yakobo hakumchukua Raheli kwanza halafu aseme mengine tutaona baadaye. Alizungumza na baba, akapanga, akafanya kazi.

Wazazi, na sisi tumtazame Labani. Aliona mapenzi ya Yakobo akayageuza kuwa faida yake. Akamdanganya, kisha akamdai miaka 7 mingine. Mahari ni heshima kati ya familia mbili, na sipingi heshima hiyo. Lakini ukipiga hesabu ya ada ya shule, chuo na riba juu, hiyo sasa ni ankara. Binti yako si hisa.

Na kanisa je? Tunajua wako wapendwa kati yetu wanaoishi pamoja bila ndoa, wengine wana watoto tayari. Ukiwauliza, wengi watakwambia wanangoja pesa za harusi. Pesa za nini? Tenti, magari, mpiga picha, nguo za wasimamizi kumi. Hivyo vyote ni vizuri ukiwa navyo, lakini hakuna hata kimoja kinachofanya ndoa iwe ndoa. Harusi ya Jumapili baada ya ibada, na chai na mandazi, ni harusi kamili mbele za Mungu. Tuache kuwacheka wanaofanya hivyo. Tukiwacheka, tunawafundisha wengine waendelee kujificha.

Basi jibu langu kwa vijana ni hili: imbeni "Malaika" mkitaka, lakini mkijua mnaimba nini. Na mkimaliza kuimba, mtafuteni yule kijana wa viti vya nyuma. Kama ni wewe, njoo ofisini tuongee. Hutaulizwa una pesa ngapi.

Ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Chagua wimbo mmoja unaoupenda. Nani anaongea, na nani, na anataka nini?

2. Ni tenzi gani unayoiimba bila kuyafikiria maneno yake?

3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini ili ndoa moja mwaka huu isikwame kwa sababu ya pesa?

Ombi: Bwana, utufungue masikio, tusikie tunachoimba, na utupe mikono ya kukitenda. Amina.