Mkono Mtupu Haulambwi: Biskuti za Nyama na Nafaka kwa Mbwa wa Shamba

*Kijitabu cha elimu kwa wafugaji wa mbwa wa Bungu na vijiji vya jirani, Wilaya ya Kibiti*

Kwa nini biskuti?

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa haikosi vituko. Tangazo limepita, mtaalamu wa mifugo amefika na kasha lake la barafu, watoto wamejaa chini ya mwembe. Wenye mbwa wapo, mbwa hawapo. Mmoja kakata kamba njiani. Mwingine kajichimbia chini ya ghala, hatoki. Wa tatu kamng'ata bwana wake alipojaribu kumvisha kitanzi.

Mbwa hawa wanafugwa, ila hawajazoezwa kushikwa. Wanashinda shambani, jioni wanatupiwa ukoko, na mkono wa mtu wanaujua kwa fimbo na jiwe. Ndiyo maana wanaukimbia.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mbwa anayepewa kitu huja akiitwa, anayekuja hushikika, na anayeshikika huchanjwa. Kijitabu hiki kinafundisha kutengeneza kitu hicho cha kumpa: biskuti ngumu ya nyama na unga, inayookwa kwa jiko la mkaa na kukaa mfukoni bila kuoza wala kunuka.

Mbwa wa Bungu ana kazi

Anayelima mahindi, mpunga au mihogo huku kwetu anamjua nguruwe pori. Usiku mmoja humtosha kufyeka jasho la msimu. Mchana ni zamu ya ngedere na nyani. Mkulima asiye na mbwa hulala dunguni, na dungu lina hatari zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba Tanzania tangu mwaka 1990, na Rufiji ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia. Watafiti walimtaja nguruwe pori kuwa sababu mojawapo: huwavuta simba hadi mashambani, na humlazimisha mkulima kulala nje akilinda.

Mbwa anayelinda shamba anastahili posho yake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamtaka anayefuga mnyama amtunze, chakula na maji vikiwamo.

Biskuti za mbwa si jambo geni duniani. Miaka ya 1860 Mmarekani James Spratt alianza kuziuza London. Inasimuliwa kuwa alipata wazo hilo bandarini, alipowaona mbwa wakigombania biskuti kavu za mabaharia. Alichanganya unga wa ngano, mboga na nyama, akaoka. Sisi tuna dona na bucha la jirani.

Mahitaji

Vipimo hivi hutoa biskuti kama 120, kila moja ukubwa wa kizibo cha soda. Mwenye mbwa mmoja apunguze nusu.

- Maini, moyo au mapupu ya ng'ombe au mbuzi: robo kilo
- Unga wa dona, au wa mtama: gramu 400
- Unga wa ngano: gramu 100
- Yai: 1
- Mafuta ya alizeti au ya nazi: vijiko 2 vya chakula
- Supu ya nyama hiyohiyo, isiyo na chumvi wala kitunguu: kikombe 1 hadi 1 na nusu

Ukikosa nyama, tumia dagaa wakavu robo kilo. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi waloweke usiku kucha, umwage maji, uwachemshe, umwage tena. Vichwa vya samaki vinafaa pia, mradi uchambue miiba yote.

Maini ni mazuri kwa zamu, si kila mara. Yana vitamini A nyingi, na mbwa anayelishwa maini siku nenda rudi huishia kuumia mifupa. Wiki hii oka kwa maini, wiki ijayo kwa moyo au mapupu.

Chagua nyama kwa macho mawili

Pasua mapupu na maini, uyatazame. Ukiona vifuko vyeupe vilivyojaa maji, vidogo kama punje ya mahindi au vikubwa kama yai, usitumie. Vifuko hivyo hubeba viluwiluwi vya tegu wa mbwa. Mbwa akivila vibichi, tegu hukomaa tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mtoto anayecheza uani huyameza kwa mikono michafu. Miaka ikipita, uvimbe huota ndani ya ini au pafu la mtoto huyo. Vichome vifuko hivyo au uvizike kirefu, mbwa wasifukue.

Nyama isiyo na dosari nayo usimpe mbichi. Ikate vipande vidogo, uichemshe dakika 40.

Mzoga wa ng'ombe au mbuzi aliyekufa mwenyewe usiuguse. Huenda ni kimeta. Mjulishe afisa mifugo.

Unga wa kuvu hauokeki

Kuna anayesema: "Mahindi haya yameota ukungu, watu hatuli, basi tuwape mbwa." Hapo ndipo mbwa wengi wanapoponzwa. Kuvu wa mahindi na karanga hutoa sumukuvu, inayoharibu ini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Mwishoni mwa mwaka 2005 iliua zaidi ya mbwa 100 Marekani, walioila ndani ya chakula cha dukani chenye mahindi.

Moto wa jikoni hauiondoi. Uchemshe, uoke, ukaange, sumu inabaki palepale. Kipimo ni chepesi: unga usioutaka kwenye sufuria yako ya ugali, usiutie kwenye biskuti za mbwa. Makopa yaliyoota weusi nayo ni vivyo hivyo.

Visivyotiwa kabisa

- *Kitunguu maji na kitunguu saumu.* Huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi, vimepikwa au vimesagwa. Ndiyo sababu supu ya mchuzi wa nyumbani haifai.
- *Chumvi nyingi na viungo vya mchuzi.*
- *Chokoleti na zabibu, hata kavu.* Chokoleti hushambulia moyo wa mbwa, zabibu figo.
- *Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku.* Hupasuka ncha kali na kutoboa utumbo.
- *Korosho zenye ganda.* Mafuta ya ganda yanayobabua vidole vya wabanguaji hubabua na kinywa cha mbwa.
- *Mihogo michungu mibichi.* Ina sumu inayoua watu na wanyama.

Namna ya kuoka

1. Chemsha nyama dakika 40 kwa maji matupu. Ipoe, kisha isage, au itwange hadi ilainike kama kisamvu. Supu iweke kando.

2. Dona halishikani kama ngano. Ukilikanda kwa maji baridi, biskuti itamomonyoka kabla haijafika jikoni. Chemsha supu upya, umimine kikombe kimoja cha moto juu ya dona huku ukikoroga kwa mwiko. Unga utavimba na kunata kama ugali ulioanza kushika. Funika dakika 15.

3. Ukipoa kiasi cha kushikika, tia nyama, yai, mafuta na unga wa ngano. Kanda. Donge likipasukapasuka, ongeza supu kijiko kijiko. Likishika vidoleni, ongeza unga.

4. Sukuma unene wa kidole cha shahada, ukate kwa kizibo cha soda au kwa kisu. Toboa kila moja kwa njiti, mvuke upate pa kutokea.

5. Andaa jiko. Tandaza mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, kimo cha kidole, uupashe moto dakika 10. Weka sinia ndogo juu ya mchanga, funika, kisha palia makaa juu na chini kama unavyooka mkate wa kumimina. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Nyunyiza unga kidogo kwenye sinia: ukipata rangi ya kahawia taratibu, moto uko sawa. Ukiwa mweusi papo hapo, punguza makaa.

6. Oka dakika 30. Geuza kila biskuti.

7. Sasa punguza makaa yabaki machache, uache mfuniko wazi kidogo, uzikaushe saa 1 na nusu. Usiiruke hatua hii. Neno biskuti lenyewe, kwa asili yake ya Kilatini, maana yake ni "iliyookwa mara mbili". Moto wa kwanza huivisha, wa pili hufukuza maji.

8. Acha zipoe kabisa, kisha ivunje moja. Ikikatika kwa mlio, *kacha*, ndani pawe pakavu sawasawa na nje, zimekuwa tayari. Ikipinda, au katikati pakawa na unyevu, zirudishe jikoni.

Usitegemee jua kumalizia kazi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na inzi hawakawii.

Kuhifadhi

Weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko unaobana. Zikikauka barabara hukaa wiki 2. Wakati wa masika oka kidogo kidogo, na kila siku chache ulifungue kopo unuse. Ukiona madoa ya kijani au meupe, au ukisikia harufu ya uvundo, zika kopo zima. Usichague zilizo nzima ukatupa zilizoharibika, wala usiwatupie kuku.

Ampe ngapi?

Biskuti ni kitafunio. Chakula cha mbwa kinabaki kuwa ugali wake na dagaa, mapupu au kitoweo kingine, na maji safi kutwa. Kitafunio kisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Kwa mbwa wetu wa kawaida wa kilo 15, hiyo ni biskuti 4 hivi. Siku za mafunzo zivunje vipande vinne vinne: mbwa hahesabu ukubwa, anahesabu mara alizopewa.

Suala la najisi

Wengi wetu ni Waislamu, na swali hili huulizwa kila tunapokutana. Mbwa wa kulinda shamba, wa mifugo na wa kuwinda ana ruhusa yake katika dini. Kinachochungwa ni mate yake. Maini ya bucha na dona ni chakula cha watu, basi sufuria na kinu vilivyotumika kutengeneza biskuti havijaingia najisi. Bakuli la mbwa ndilo liwe lake peke yake, lioshewe mbali na vyombo vya nyumbani.

Asiyetaka kulambwa mkono atumie upawa wa kifuu. Weka kipande ndani ya kifuu, unyooshe mpini. Mbwa anakula, mkono unabaki mkavu. Upawa huo usirudi jikoni tena. Penye shaka, muulize sheikh wako.

Ukiumwa na mbwa

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala majani. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo na hata kama mbwa ni wa jirani unayemwamini. Chanjo ya binadamu huokoa ikiwahi. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa na ute mwingi, anayeng'ata hovyo au kulegea taya, usimsogelee wala usimjaribu kwa biskuti. Watoe watoto, umwite afisa mifugo.

Wiki tatu kabla ya chanjo

Ili kichaa cha mbwa kikatike mahali, inatakiwa angalau mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe, kila mwaka. Mwaka 2010 ulipoanza mradi wa kutokomeza kichaa kusini-mashariki mwa Tanzania, ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, Mkoa wa Pwani ulikuwamo, na Bungu ilikuwa bado Wilaya ya Rufiji. Lengo la dunia ni kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa. Hesabu hiyo huanzia uani kwako.

*Wiki ya kwanza: jina.* Mwite jina lake mara moja, umpe kipande akifika. Asipokuja usimfukuze na usimpige. Ngoja, jaribu jioni akiwa na njaa. Mtu mmoja wa nyumbani aifanye kazi hii, kila siku, saa ileile.

*Wiki ya pili: mkono.* Akiwa anatafuna, mguse shingo, kisha bega, kisha ukunje ngozi ya mgongoni kwa vidole viwili. Ngozi hiyo ndiyo mtaalamu ataishika siku ya sindano. Akinguruma, umekwenda mbio. Rudi nyuma hatua moja.

*Wiki ya tatu: kamba.* Mfunge kamba pana, isiyokata shingo. Iache iburute kidogo, kisha ishike. Mtembeze hadi njiani na kurudi, kipande kila hatua kadhaa. Siku za mwisho mfikishe mahali penyewe patakapochanjiwa, apazoee bila kelele za watu.

Siku yenyewe msilete mbwa wawili kwa kamba moja, wala asitumwe mtoto asiyemmudu mbwa. Mbwa wadogo nao waje. Simama pembeni hadi zamu yako. Wakati sindano inaingia, kipande cha biskuti kiwe puani pake. Mbwa wengi hawageuzi hata kichwa. Pokea kadi ya chanjo, uitunze mahali pasiponyeshewa, kisha mrudishe mlinzi wako shambani. Nguruwe wanaanza kutoka magharibi ikiingia.