Fistula: Maradhi ya Mwili, Lawama za Watu

Somo la safari hii linahusu maradhi ambayo hatuyataji msikitini wala darasani, na mara nyingi hata nyumbani.

Mwanamke wa Rumonge anapoanika ndagala kando ya ziwa, au anapouza mawese sokoni, hukaa bega kwa bega na wenzake. Mwenye fistula hawezi. Mkojo unamtoka usiku na mchana bila kuzuilika, na harufu inamtangulia. Huanza kwa kukaa kando, halafu huacha biashara, mwishowe haonekani hata harusini. Nyuma yake hubaki maneno: alizini, karogwa, ana laana ya wazazi, alikuwa mvivu wa kusukuma.

Sababu yenyewe ni uchungu wa uzazi uliokwama siku nzima au zaidi. Kichwa cha mtoto hubana kibofu kwenye mfupa wa nyonga, damu haipiti, nyama hufa na kuacha tundu. Mara nyingi mtoto naye hufa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kuwa wanawake zaidi ya milioni 2 wa Asia na Afrika kusini mwa Sahara walikuwa wakiishi na fistula isiyotibiwa. Hapo uzinzi umeingiaje?

Wanasaikolojia wana jibu. Mwaka 1966 Melvin Lerner na Carolyn Simmons walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa kike wa chuo kikuu huko Marekani. Wanafunzi walimtazama mwanamke aliyeonekana kupigwa shoti ya umeme kila alipokosea jibu (kwa kweli alikuwa akiigiza). Walioambiwa kuwa mateso yataendelea walianza kumdharau. Walioweza kupiga kura na kujua kwamba mateso yamekoma hawakumdharau hivyo. La kushangaza zaidi, yule aliyekubali kuteseka ili wao wapate alama zao za kozi ndiye aliyedharauliwa kuliko wote. Lerner alieleza kuwa binadamu hutaka kuamini dunia ni ya haki, kila mtu apate anachostahili. Akimwona asiye na kosa anaumia naye hana la kufanya, humtafutia kosa.

Nami kila nikisoma habari ya huyo aliyeumia kwa ajili ya wengine, namfikiria mama aliyeumia akituletea mtoto.

Sasa tutazame Sunna. Fatima bint Abi Hubaysh alimwendea Mtume (s.a.w.) akalalamika kuwa damu yake haikatiki, akauliza aache swala? Mtume alimjibu kuwa ule ni mshipa tu, si hedhi, akamwamuru aswali. Hakumuuliza amefanya nini. Na Bibi Aisha amesimulia, katika Bukhari, kuwa mmoja wa wake wa Mtume alikaa itikafu naye akiwa katika hali hiyo ya istihadha, na pengine waliweka chombo chini yake. Chombo, ndani ya msikiti! Sisi tunamkimbia mwenzetu hata kwenye mkeka wa msibani.

Mafakihi wamempa hukumu ya namna hiyo mtu asiyeweza kuzuia mkojo. Kwa madhehebu ya Shafi hujisafisha, hufunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, kisha huswali faradhi yake bila kuchelewa. Kinachomtoka baada ya hapo hakimharibii swala. Dada zetu wengi wameacha swala miaka mingi kwa kutojua hili, na sisi tunaosoma ndio tulionyamaza.

Fistula inatibika kwa upasuaji. Hapa Burundi, kituo cha Urumuri huko Gitega kilifunguliwa mwaka 2010 na Madaktari Wasio na Mipaka kwa kazi hiyo. Na tangu 2006 serikali ilitangaza kujifungua bure katika hospitali zake, kwa hiyo mama aliyekwama asisubirishwe nyumbani kwa kuogopa gharama.

Mnaosomea uuguzi mkumbuke pia hili: mkojo ukianza kuvuja siku chache tu baada ya kujifungua, mpira wa mkojo ukiachwa ndani ya kibofu kwa wiki kadhaa, tundu dogo huweza kuziba lenyewe bila kisu. Anayefichwa chumbani hupitwa na wiki hizo.